Asili ya Neno Harena, kwa Numbi Anayekwenda Dilolo

Numbi mwanangu,

Jumapili tulipokuwa mezani uliniuliza swali, nami nikakujibu kwa nusu sentensi kisha nikaomba chumvi. Ulitaka kujua, mwanafunzi wako akikuuliza neno harena, mchanga wa Waroma wa kale, lilitoka wapi, umwambie nini. Nikasema, mwambie haijulikani. Ukanitazama ukingoja zaidi. Mama yako akainamia sahani yake, na mimi nikaanza kuzungumza habari za treni, kama itaondoka siku iliyotangazwa au kama itatufanyia tabia yake.

Uliona kwamba kuna kitu. Wewe tangu utotoni hukosi kuona. Hukuuliza tena, na hilo ndilo limenisumbua wiki nzima.

Sasa ni alasiri. Umekwenda Musonoi kuwaaga shangazi zako, na pikipiki iliyokuchukua nimeisikiliza mpaka ikapotea kwenye kona. Mama yako yuko uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya safari yako. Hajasema neno na mimi tangu asubuhi, na wewe wajua kwamba na wewe hajasema neno la maana tangu ulipomkatalia mjomba wako Mwamba ile kazi ya ukarani kule Kingamyambo. Mimi nimekaa kwenye meza hii, nikainuka, nikakaa tena. Nimefunga begi lako, nikalifungua, nikalifunga upya. Nimekwenda getini nikatazama njia kama mtu anayemngojea mgeni, hali anayengojewa hayupo. Mwisho nimeona afadhali mkono ushike kalamu, labda miguu itatulia.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo shangazi zako watakuwa wamekwisha kukujaza masikioni. Nataka kukujibu swali lako, lakini kwa ukamilifu wake, na ukamilifu wake una watu ndani.

Nianze na neno lenyewe, maana wewe ni mwalimu sasa na huwezi kuridhika na hadithi tupu.

Harena ni neno la kike, la kundi la kwanza, linanyambuka kama rosa: harena, harenae, harenam. Hapo hakuna ugumu, mtoto wa darasa la kwanza atalimudu. Ugumu unaanza ukiuliza lilizaliwa wapi. Waroma wenyewe hawakukubaliana. Wengine walisema limetoka kwenye arere, kukauka, kwa sababu mchanga ni kitu kikavu. Wengine wakasema hapana, limetoka kwenye haerere, kushikamana, kwa sababu mchanga ndio unaoshika ukuta. Ona ajabu hiyo, kitu kimoja, na watu wanakipa asili mbili zinazopingana. Halafu kuna waliokumbuka kwamba majirani zao wa milimani, Wasabini, zamani walisema fasena. Ile f yao Waroma waliifanya h, na ile s iliyokaa katikati ya irabu ikageuka r, kama ilivyogeuka kwenye maneno mengi ya zamani. Basi fasena ikawa harena. Lakini fasena nayo ilitoka wapi? Wengine wanataja Waetruski, watu ambao lugha yao hatujaielewa vizuri mpaka leo. Hapo njia inakatika.

Kisha watu wa mitaani wakaichoka ile h, wakaiacha, wakasema arena. Wenye elimu wakaendelea kuivuta pumzi ile ili wajulikane kwamba wamesoma. Na kulikuwa na jemadari mmoja mkubwa, mtu wa vita kabisa, aliyepata nafasi ya kuandika kwamba neno hili lisitajwe kwa wingi kamwe, kwa sababu mchanga ni mchanga, uwe wa kiganja au wa jangwa. Washairi walimsikia, wakaendelea kuandika harenae kama walivyotaka.

Hayo ndiyo niliyowafundisha wanafunzi wangu wa seksioni ya Latin-Philo, mkondo wa Kilatini na falsafa, na niliwafundisha kwa furaha. Niliwaambia, mkiulizwa, semeni haijulikani, kisha elezeni kwa nini haijulikani. Huo ndio usomi. Wewe ulikuwa bado unatambaa.

Katika darasa lile kulikuwa na kijana aliyeitwa Kyungu. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake aliuza maandazi karibu na soko. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti nyembamba ambayo wenzake waliicheka, kwa hiyo alizoea kunyamaza. Lakini ukimsimamisha kwa Kilatini alisema. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu katika lugha ile wote walikuwa wageni sawasawa, hakuna aliyekuwa na sauti ya kwao.

Mwaka ule seksioni yetu ilikuwa mashakani. Wazazi walitaka umeme, mekanika, biashara, vitu vya kumwingiza mtoto kwenye makampuni ya mgodi. Sisi tulibaki na darasa dogo. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, aliniita ofisini akaniambia kwamba mkaguzi atakuja, na kwamba ripoti yake ndiyo itakayoamua kama Latin-Philo ibaki au ifungwe. Aliniomba niwaandae watoto. Nikawaandaa. Hata mashati yao nilikagua.

Mkaguzi akaja. Alikuwa mtu mzima, mwenye suti nzito ya rangi ya kahawia, na mwanzoni alifurahi, nakuhakikishia. Aliwasikiliza watoto wakisoma, akatabasamu. Yeye mwenyewe alisoma Kilatini kwa mapadri zamani na alitaka kuonyesha kwamba hajasahau. Akaona kwenye kitabu neno harena, akamnyooshea kidole Kyungu, akamuuliza asili yake.

Kyungu akasimama, akasema kwa ile sauti yake, "Haijulikane, Monsieur. Kuko batu banasema kukauka, kuko bengine banasema kushikamana. Lakini kweli yake haijulikane."

Mkaguzi akacheka kidogo. Akasema yeye alifundishwa kwamba limetoka kwenye arere, kukauka, na kwamba jambo hili ni wazi kabisa. Akamwambia Kyungu akae. Kisha akanigeukia akaniuliza kama ndivyo ninavyofundisha siku hizi, kwamba mtoto asimame mbele ya mgeni aseme hajui.

Prefe alikuwa nyuma yake. Alinitazama kwa macho ya kuniomba. Alitikisa kichwa pole pole, juu chini, akimaanisha, kubali tu, sema arere, yaishe.

Nikasema, "Mutoto anasema kweli."

Laiti ningeishia hapo. Mwanangu, mpaka leo najiambia hivyo. Lakini nilichukua chaki. Nikaenda ubaoni nikaandika fasena, nikaonyesha jinsi f inavyogeuka h na s inavyogeuka r, nikataja arere na haerere na kueleza kwa nini zote mbili zina kasoro. Nilisema kwa muda mrefu. Nilisema nikiwa nimempa mgongo, kisha nikageuka nikasema nikimtazama usoni, na nilipoona shingo yake inalowa jasho sikuacha. Watoto walikuwa wakitabasamu chini chini. Mimi nilihisi kama mtu anayekimbia kuteremka mlima, miguu inakwenda yenyewe.

Alipoondoka hakunipa mkono.

Ripoti sikuiona. Mwisho wa mwaka seksioni ilifungwa. Prefe aliniambia kwamba pengine ingefungwa hata hivyo, wanafunzi walikuwa wachache, na alisema hivyo kwa wema, lakini hakuinua uso aliposema. Watoto walitawanywa. Wenye wazazi wa kujiweza walihamia shule nyingine, wengine wakaingia biashara. Kyungu sikujua alikokwenda. Mimi nikawa sina darasa.

Nimeulizwa na watu wengi kama najutia kusema kweli. Hapana. Kweli ile ile ningeweza kuisema nikiwa nimekaa. Ningemwambia yule mzee kwamba hata hilo alilofundishwa lina historia yake, ningemwacha atoke na heshima yake, na Kyungu angebaki na yake. Chaki haikuwa ya Kyungu. Chaki ilikuwa yangu. Lakini nikisema hivyo, mara nyingine nasikia ndani yangu sauti nyingine ikisema kwamba hiyo nayo ni woga unaovaa koti la busara. Ndiyo maana siwezi kulala na jambo hili hata baada ya miaka yote. Naligeuza upande huu, linaniuma. Naligeuza upande ule, linaniuma.

Ndipo nikaingia kwenye depo ya mama yako.

Wewe unaikumbuka depo, ulikulia pale. Mama yako Masengo aliirithi kwa baba yake, uwanja ule wa kuuzia mchanga wa mtoni na kokoto kwa wajenzi. Malori yanaleta, vijana wanashusha, wajenzi wanakuja kununua. Wiki za kwanza nilikwenda nimevaa koti langu la ualimu. Vijana wapakiaji walinisalimia, "Jambo, Prof," kwa adabu, kisha wakaendelea kunizunguka kama unavyozunguka jiwe barabarani. Mama yako hakunicheka. Aliniambia tu niwe nasimama upande ambao upepo hautanipiga vumbi.

Nilimfundisha jambo moja nililolisoma katika wazee wa Kiroma, kwamba mchanga mzuri wa kujengea ukiukamata kwa mkono unalia, na ukiumwaga juu ya kitambaa cheupe hauachi uchafu. Alisema hilo baba yake alilijua bila Waroma. Lakini lilimfurahisha kwamba watu wale wa mbali nao walikuwa wanainama na kukamata mchanga karibu na sikio. Wewe ulikuwa mdogo, ukawa unazunguka uwanja mzima ukibana mchanga na kutuita tuje tusikilize unavyolia.

Miaka ilipita hivyo. Ulianza shule. Mimi nilianza kusahau, au nilidhani nimeanza.

Kisha ikaja ile siku ya masika. Wewe ulikuwa shuleni, na tulikuambia habari zake kwa kifupi tu, kwamba kulikuwa na ajali Musonoi na tulikwenda kusaidia. Nataka uijue yote.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Mchana akaja kijana kwa pikipiki, tope mpaka kwenye nyusi, akasema udongo umeteremka kwenye shimo la wachimbaji na kuna watu chini. Hakutuomba sisi hasa, alikuwa akipita akitangaza kila mahali. Mama yako alikuwa anamhudumia mteja. Alimwacha pale pale. Aliwaita wapakiaji, akawaambia wachukue masepetu yote na mbao zote, wapande lori. Mimi nikapanda nyuma kwa sababu hakuna aliyeniambia nisipande.

Tulipofika tulikuta watu wengi wamesimama pembeni. Walikuwa wanabishana. Wengine walitaka kuchimba, wengine walisema ukuta wa juu bado unatembea na atakayeshuka atafunikwa. Msimamizi wa shimo, mtu ambaye sikumfahamu, alikuwa anasema na simu, akisema kuna wachimbaji wamekwama, wachimbaji kadhaa. Mama yako akaenda akasimama mbele yake mpaka akaondoa simu sikioni.

Akamuuliza, "Ni banani?"

Yule akajibu kwamba ni wachimbaji.

"Nimesikia. Majina yabo ni nani?"

Akasema hajui majina yote. Mama yako akawageukia waliosimama, akauliza tena kwa sauti, na wakaanza kuyataja, mmoja kutoka huku, mwingine kutoka kule. Kadiri majina yalivyotoka, ndivyo watu walivyoacha kubishana. Kuna mwanamke aliyesikia jina akakaa chini kwenye tope. Kuna mzee alivua viatu. Na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Na Kyungu. Kyungu naye aliingia asubuhi, pamoja na Mukalay."

Sikuwa nimejua kwamba anachimba. Sikuwa nimejua hata kwamba bado yuko mjini. Nilimuuliza yule mtu, Kyungu yupi, naye akasema, yule murefu, mwenye sauti kidogo.

Wachimbaji wenyewe ndio waliojua jinsi ya kuingia. Hawakuanzia juu, kwa maana udongo uliolegea ukiuchokoza juu unamiminika. Walikata kwa ubavu, wakazuia kwa mbao zetu, wakapokezana masepetu. Mimi nilibeba ndoo. Nilikuwa mtu mzima tayari na mgongo haukunisaidia, lakini nilibeba. Mvua ilianza tena. Watu kadhaa waliondoka, na siwalaumu. Msimamizi alisema tusimame mpaka mashine ije. Mama yako akamwambia kwamba mashine ikija itatukuta hapa. Ukuta uliteremka kidogo mara moja, tukakimbia, tukarudi.

Walimtoa Kyungu jioni ile kabla giza halijaingia. Alikuwa hai, mguu umevunjika, mdomo umejaa udongo. Rafiki yake Mukalay alikuwa amelala karibu naye, naye hakuwa hai. Wawili wengine walitolewa wakiwa hai kesho yake, kwa mlango ule ule wa ubavuni. Mama yako alifunga kitenge chake cha juu kwenye kichwa cha Mukalay na alirudi nyumbani bila kitenge hicho. Uliuliza kimekwenda wapi. Alikuambia kimepeperuka njiani.

Nilikwenda kumwona Kyungu hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: kwamba mimi ndiye niliyefunga darasa lake, kwamba kama si maneno yangu marefu siku ile angekuwa amepata diploma, angekuwa karani, angekuwa popote isipokuwa chini ya udongo ule. Nikaanza kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

Akasema, "Prof, mi sikumbuke maneno yote ulisema ku tableau, pale ubaoni. Minakumbuka ile ya kwanza tu. Ulisema mutoto anasema kweli. Tangu nizaliwe, hakuna mutu munene, mutu wa cheo, aliyesema vile juu yangu, mbele ya mutu munene mwenziwe. Ile siku nilifika nyumbani, chakula kilikataa kupita, juu ya furaha."

Nilikaa pale kando ya kitanda. Niliyoyaona makosa yangu yote mawili, kusema na kusema sana, yeye alikuwa amechukua moja akalitunza, lile jingine hakulibeba hata kidogo. Nikamuuliza kama angependa tuendelee na masomo, mimi naye, pale depo, mpaka afanye mtihani. Akakataa. Alisema mguu ukipona anataka kuondoka Kolwezi, hawezi tena kusikia udongo ukisogea. Alisema anawaza Dilolo, mpakani, kuna biashara.

Na alikwenda. Kwa muda mrefu hatukusikia habari zake, isipokuwa samaki wakavu waliokuja mara moja kwa mkono wa dereva, bila ujumbe. Kisha, mwaka juzi, simu yangu ikaleta ujumbe wa sauti yake. Unakumbuka siku niliyotoka mbio bafuni na sabuni kichwani, mkadhani nimeumwa na nge? Ilikuwa siku hiyo. Niliiweka sauti ile karibu na sikio la mama yako aisikie, na nimeisikiliza tena leo kabla ya kuanza kuandika. Alisema hivi:

"Prof, niko hapa ng'ambo, upande wa Angola, minauzisha bitu vya kujengea. Hawa batu banasema Kireno. Muchanga banaita areia. Leo nimesikia vizuri, nikasimama. Hii si ile yetu?"

Ni ile yetu, Numbi. H imeanguka, n imemezwa, lakini ni ile ile. Neno lile lisilojulikana lilikotoka lilikuwa limefika mpaka kwenye mpaka wetu, linatamkwa na wapakiaji wa malori, na aliyelitambua ni Kyungu. Sisi kwa Kifaransa tunasema sable, ambalo ni mtoto wa neno jingine la Kilatini, sabulum, mchanga wa chembe kubwa. Ndiyo maana hapa Kolwezi harena haina mjukuu sokoni. Ilimbidi Kyungu avuke mpaka ili akutane naye.

Tangu siku hiyo tunasemezana. Ndiye aliyeniambia kwamba shule ya Dilolo, anakoishi, bado ina Latin-Philo na mwalimu wake amezeeka, na kwamba yeye na wazazi wengine wamekataa ifungwe. Binti yake yuko darasa la tatu la sekondari pale. Mimi ndiye niliyekuambia habari hiyo mezani, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, na wewe ukaweka kijiko chini. Mama yako anajua kwamba nilijua nilichokuwa nafanya. Ndiyo sababu hasemi na mimi.

Wala hana makosa. Mjomba wako Mwamba alihangaika kukupatia kazi ile. Ofisi ina ubaridi wa mashine, ni karibu na nyumbani, ungekuwa unakula kwetu. Mama yako alibeba mchanga maisha yake yote ili wewe usibebe kitu. Halafu mimi, ambaye Kilatini kilinitoa shuleni, nakusukuma kwenye Kilatini. Juzi usiku sikupata usingizi, nikawa najiuliza kama nakutuma wewe kwenda kumaliza jambo langu. Kama ndivyo, nisamehe, na ukifika ulifanye liwe lako. Usimfundishe binti wa Kyungu kwa ajili yangu. Mfundishe kwa sababu yuko mbele yako na amenyoosha mkono.

Sina mengi ya kukushauri. Siku moja atakuja kwako mtu mwenye cheo, naye atakuwa amekosea, na darasa litakuwa linakutazama. Sijui utafanyaje. Mimi nimepewa miaka mingi ya kufikiri na bado sijui ningefanyaje. Najua tu kwamba sentensi ya kwanza ilikuwa ya mtoto na zilizofuata zilikuwa zangu. Ukiweza kuona zinapoachana, kaa chini.

Na ukimwona Kyungu, usimshukuru kwa niaba yangu. Atakimbia.

Nilikuwa naandika sentensi hiyo ya mwisho mama yako alipoingia. Mchi ulikuwa umenyamaza muda kidogo, sikuwa nimetambua. Alisimama mlangoni na mikono yake ya kijani kwa sombe, akaniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia nakujibu swali la Jumapili. Akaniambia nisome. Nikamsomea tangu juu mpaka hapo, na nilipofika kwenye kitenge alitazama nje, na nilipofika kwenye mjomba Mwamba alivuta kiti akakaa. Mwisho alijipangusa vidole kimoja kimoja.

Kisha akasema, "Nyumba atalala, nani aliiona?"

Nikakiri kwamba hakuna aliyeiona. Kyungu alisema ni nzuri.

"Kyungu ni mwanaume," akasema. "Anajua nini juu ya nyumba ya mutoto mwanamuke?"

Akainuka. Nilidhani amerudi kwenye kinu. Lakini nilisikia mlango wa nje, kisha sauti yake kwa jirani, Mama Kalala, akiomba kuazimwa begi, lile kubwa lenye magurudumu. Amerudi nalo sasa hivi. Analifuta vumbi hapo uani na haniangalii. Ameniambia kwamba chakula cha siku za kwanza kiko kwenye sufuria ndogo, na kwamba depo niifungue mapema kwa sababu lori la kokoto linakuja.

Basi, mwanangu, kesho mnakwenda wawili.

Tata yako,
Banza